Dash Akol na nyumba yangu ya Kigamboni

Fundi kanitumia picha za kiwanja changu Kigamboni. Ukuta umeishia kwenye lenta. Mabati niliyotumia hela mwaka juzi hayapo, mbao za kenchi hazipo, na binamu yangu niliyemkabidhi kazi hapokei simu. Walioko ughaibuni wanaijua habari hii, lakini kujua hakupunguzi uchungu. Hela ile ni zamu za usiku kwenye ghala la vifurushi, na kulala kwenye chumba cha chini ya ardhi ambacho kodi yake ya mwezi mmoja, ukienda nayo Mbagala, unapanga mwaka na chenji inabaki.

Aliyegundua kwamba siko sawa ni jirani wa ghorofa ya juu, mzee wa Kiirani kutoka Shiraz. Hapa Toronto watu wanakuuliza hali huku wanatembea. Yule mzee alisimama akasubiri jibu. Jioni nikaitwa kula wali wa zafarani, na mkewe akanipakulia ukoko, ile sehemu inayogombewa, nikikataa ananiongeza. Nikajiona niko kwetu Kilwa. Baada ya chai mzee akasema kuna mtu anataka nimwone, akaweka filamu.

Ni Dash Akol ya mwaka 1971, picha nyeusi na nyeupe, ya Masoud Kimiai, iliyotokana na hadithi fupi ya Sadegh Hedayat ya mwaka 1932. Behrouz Vossoughi anacheza mbabe wa mitaa ya Shiraz: mlevi, mtu wa visu, lakini mnyonge akionewa yeye ndiye ngao. Haji Samad, tajiri wa mji, anafariki na kuacha wosia kwamba Dash Akol awe wasii wa mali na familia yake. Pale msibani anamwona Marjan, binti wa marehemu, na moyo wake hautulii tena. Hasemi neno. Amposeje binti wa mtu aliyemkabidhi nyumba? Kwake hiyo ni kula amana. Anaacha ubabe, anashughulika na mashamba na hesabu za watu wengine, huku hasimu wake Kaka Rostam akimdhihaki mjini.

Mzee alinisimulia sehemu moja ya hadithi ya Hedayat ambayo sijaacha kuifikiria. Baada ya miaka 7, usiku wa harusi ya Marjan na mwanamume mwingine, Dash Akol anakabidhi hesabu zote mbele ya wakubwa wa mji. Gharama za usiku ule katoa mfukoni mwake. Kisha anatoka kwenda kulewa, na Kaka Rostam anammaliza kwa jambia la Dash Akol mwenyewe. Siri ya mapenzi yake inakuja kutolewa na kasuku wake.

Miaka 7, shilingi ya yatima haikupotea! Na sisi watu wa Kilwa tumekua tukisimuliwa Ali bin Hassan aliyetoka Shiraz akakinunua kisiwa kwa nguo. Ushirazi tunajisifu nao kila harusi. Uaminifu wa wasii yule tumeuacha wapi?

Mke wa mzee hakukubaliana nasi. Alisema Marjan hakuulizwa na yeyote, na heshima ya wanaume wale ilimpita juu ya kichwa. Ana haki. Katika hadithi binti ana miaka 14 tu Dash Akol anapompenda, na mwishowe anaozwa kwa mume mzee zaidi na mwenye sura mbaya kuliko Dash Akol mwenyewe. Kwenye mapenzi namuunga mkono mama yule. Kwenye amana nabaki na Dash Akol.

Nyie mnaojiandaa kuja huku, sikilizeni. Hela ya ujenzi usimtumie mtu mmoja, hata mkiwa mmenyonya ziwa moja. Lipa duka la vifaa mwenyewe, fundi mlipe kwa hatua, na picha zipigwe na mtu asiyegusa hela.

Nimeshamwomba baba mkubwa aitishe kikao cha ukoo Jumapili. Binamu aje na risiti mbele ya wazee. Watasema Kanada imenitia kiburi. Waseme, lakini risiti nazitaka.