Punje ya kumi

Bangili ya rozari niliinunua Subukia, mahali pa hija pa Wakatoliki, kwa mama mmoja aliyetandaza vitu vyake juu ya gunia kando ya barabara. Shilingi 150. Ilikuwa Oktoba, mahujaji wamefurika hadi kule juu kwenye chemchemi, kila mtu na kidumu chake cha maji. Sikupata hata nafasi ya kupatana bei, maana padri alikuwa tayari anabariki vitu na mimi sikutaka kurudi Nakuru na bangili kavu.

Nilimnunulia mpwa wangu wa Kisumu, ambaye mimi ndiye mama yake wa ubatizo. Januari angeingia kidato cha kwanza, shule ya bweni, na rozari kubwa shingoni huko ni kutafuta ugomvi na matroni. Hii ya mkononi ilikuwa ndogo, punje za mbao, kimsalaba, na kimedali cha Bikira Maria kinachoning'inia. Kimedali hicho ndicho kilichonivuta. Nyuma kina herufi M yenye msalaba juu yake, mioyo miwili chini, na nyota 12 kukizunguka, na mbele kimeandikwa 1830, mwaka ambao Mtakatifu Catherine Labouré alitokewa na Bikira Maria kule Paris. Maandishi ni madogo mno, lazima ukiinamishe kwenye mwanga.

Desemba nikapanda matatu, Kericho, Ahero, mpaka Kisumu. Jioni, baada ya chakula, nikamvalisha mtoto bangili mbele ya watu. Dada yangu akapiga makofi. Mama mkwe wake hakupiga.

Yule mama ni mtu wa kanisa la Roho, si Mkatoliki kama mimi, na kanzu yake nyeupe yenye msalaba mwekundu kifuani ilikuwa imetundikwa mlangoni, imepigwa pasi tayari kwa kesho. Alinyoosha mkono, mjukuu akamvulia bangili akampa.

"Nyar Nakuru," akaniita, yaani binti wa Nakuru, "hii ni hirizi?"

"Hapana, Mama. Ni ya kusalia tu."

"Inafanya nini?"

"Haifanyi kitu, Mama. Ni ya kumkumbusha."

"Kama haifanyi kitu, padri aliimwagia maji ya nini?"

Dada yangu akakumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria jikoni. Mimi nikabaki natafuta maneno. Nimefundisha watoto katekisimu miaka mingi, lakini swali hilo hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza, na mpaka leo naliona kuwa swali zuri kuliko majibu yangu yote. Nikakimbilia hesabu, mahali ambapo mtu hawezi kukosea. Nikamweleza kwamba kila punje ni Salamu Maria moja, ziko kumi, ukimaliza mzunguko unasali Atukuzwe, unaanza tena na Baba Yetu; ukizunguka mara tano umemaliza rozari nzima.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaanza kuzipitisha punje moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, kwa Kijaluo: achiel, ariyo, adek... Akarudia tena. Akaniangalia.

"Ziko tisa."

Nilidhani ananitania. Nikaichukua, nikahesabu. Tisa. Nimeibeba miezi miwili, nimeifunga kwa karatasi ya zawadi, nimeisifia mbele ya ukoo wa watu, na sijawahi kuzihesabu! Mpwa wangu alianza kucheka, akajiziba mdomo na mkono.

Mama hakucheka. Alimtuma mtoto chumbani alete kopo la kushonea, lile la mafuta ya kupikia ambalo kila nyumba inalo, limejaa sindano na vitambaa. Akachakura humo muda mrefu, akitoa vifungo na kuvirudisha, mpaka akapata kimoja cheupe, kidogo. Akaniambia ni cha akiba, cha kanzu ile pale mlangoni. Akafungua fundo la uzi, akakiingiza kifungo karibu na kimsalaba, akafunga tena na kukata ncha kwa meno.

"Vuta," akaniambia.

Nikavuta. Haikukatika.

"Vuta kama mtoto wa shule."

Nikavuta kwa nguvu. Akaichukua, akahesabu upya kwa sauti, akafika kwenye kifungo na kukibonyeza: "Apar." Kumi. Kisha akamvalisha mjukuu wake mwenyewe, akauliza chai imefika wapi.