Kumbukumbu ya mradi: namba za mahali zilijificha kwenye manukuu

Hatimaye imekubali. Usiku wa kuamkia leo nimepitisha klipu zote 212 za ghala letu la picha ghafi kwenye skripti mpya, nikazikagua moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja iliyobaki na latitudo wala longitudo, yaani namba zinazoonyesha ilirekodiwa wapi. Wiki tatu zimeishia kwenye jambo hili peke yake.

Wenzangu mnaoendesha seva za PeerTube, programu huria ya kuweka video mtandaoni, mnajua kuwa video inapobadilishwa kuwa ya ubora mbalimbali, metadata (taarifa ambazo kamera huambatanisha na faili, kama mahali na saa) inafutwa. Amri inayokwenda kwa ffmpeg, programu ya kuchakata video, ina -map_metadata -1 tayari, yaani usibebe metadata. Kwa hiyo filamu zilizokamilika hazikunipa wasiwasi. Shida ni ghala. Tangu mwanzo tulikubaliana kwamba watengeneza filamu wa kundi letu wagawane picha ghafi, ili aliyerekodi bomoabomoa amsaidie anayetengeneza filamu ya haki ya ardhi. Ndiyo maana tunahifadhi faili asilia, na mwanachama anaipakua kama ilivyo. Faili asilia huja na kila kitu kilichoandikwa na kamera.

Nikaandika skripti ya kusafisha kabla faili haijaingia ghalani: -c copy ili picha isiguswe, -map 0 ili mikondo yote (picha, sauti na kinginecho kilichomo ndani ya faili) ibaki, na -map_metadata -1. Klipu za simu zikatoka safi. Nikawatangazia wenzangu kwamba kazi imekwisha.

Siku nne baadaye dada mmoja wa uhariri akanitumia ujumbe: "Kaka, fungua ile klipu ya juu ya paa kwa VLC, halafu washa manukuu."

Nikawasha. Chini ya picha zikaanza kupita namba zinazobadilika kila sekunde: latitudo, longitudo, urefu kutoka ardhini. Desimali sita. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, kwa hiyo desimali ya sita ni kama sentimita 11. Droni ile ilirushwa kutoka uani kwa mama aliyekubali kuhojiwa kwa sharti moja, kwamba kwake pasijulikane. Uso tulikuwa tumeufunika, sauti tumeibadilisha, na faili yetu wenyewe inaonyesha mlango wake ulipo. Niliitoa papo hapo. Kumbukumbu za seva zinaonyesha ilipakuliwa na wanachama wawili tu, na wote wamefuta. Hata hivyo usingizi haukuja usiku ule.

Mwanzoni nilidhani skripti haikupita kwenye faili ile. Nikaipitisha upya, mara nne. Kila mara exiftool, programu ya kusoma metadata, inasema ni safi, kila mara VLC inaonyesha namba. Nikabadilisha toleo la ffmpeg. Nikabadilisha kontena, yaani aina ya faili, kuwa MKV na kurudi MP4. Namba zipo palepale. Kumbe jibu lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote: exiftool huwa inatoa onyo dogo kwamba chaguo la kuchimbua data iliyopachikwa linaweza kupata mengine zaidi, na mimi kwa miaka nimekuwa nikiliruka onyo hilo. Nikaongeza chaguo hilo, -ee. Kurasa na kurasa za namba zikamwagika.

Baadhi ya droni huandika safari yao kama mkondo wa maandishi, wa aina ileile ya manukuu ya kawaida. Kwa ffmpeg hiyo si metadata, ni manukuu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeiamuru kwa -map 0 isiache mkondo wowote nyuma. Nikaweka -sn, manukuu yakaondoka. Kisha ikaja klipu ya kamera ndogo ya kofia: humo GPS inakaa kwenye mkondo wa data, si wa manukuu. Nikaweka -dn. Hapo ndipo nilipokasirika kweli, maana nilikuwa nafukuza mkondo mmoja mmoja huku kesho kamera nyingine ikija na wake. Nikageuza mpango mzima. Sasa skripti haitaji cha kutoa, inataja cha kuingiza tu: -map 0:v:0 -map 0:a, basi. Manukuu halisi ya mtengeneza filamu yanapakiwa kando kama faili ya maandishi ya SRT au VTT, na PeerTube inayapokea vizuri tu. Mwisho wa skripti nimeweka exiftool -ee, na ikiona neno GPS lolote faili inakataliwa.

Kuhusu zana: MediaInfo ni nzuri kuona mikondo kwa haraka, ila hukumu ya mwisho naiacha kwa exiftool. Programu za kitufe kimoja zinazoahidi kufuta kila kitu siziamini tena. Na mkiwa na filamu nyeti, zimeni ule utazamaji wa PeerTube ambao watazamaji hugawana vipande vya video wao kwa wao, maana anwani za IP za watazamaji huonekana kwa wenzao. Sisi tumezima, na gharama ya data tumekubali kuibeba.

Wiki hii ilikuwa ya manukuu ya kiotomatiki kwa Whisper, programu inayogeuza sauti kuwa maandishi. Nimeyaweka kando, kwa sababu kuna jambo halinitoki kichwani. Namba zilezile zinazomhatarisha yule mama ndizo zitakazothibitisha, siku shauri likifika mahakamani, kwamba nyumba zilizobomolewa ni zile. ProofMode, programu ya simu ya Guardian Project, imejengwa juu ya hoja hiyohiyo: inaambatanisha mahali na saa ili picha iaminike. Nami nilikuwa nafuta asilia baada ya kusafisha!

Sasa kabla ya kusafisha, skripti inachukua SHA-256 ya faili asilia (alama ya kuthibitisha kwamba faili haijabadilishwa), inaifunga faili yenyewe kwa age, programu ya kufunga faili kwa ufunguo wa siri, na inaipeleka kwenye diski isiyounganishwa na intaneti. Kikwazo ni kwamba age ikipewa funguo mbili, wowote kati yake unatosha kufungua. Ninachotaka ni zote mbili ziwe lazima, wa mtengeneza filamu na wa kundi. Kwa hiyo nafunga mara mbili, kwanza kwa ufunguo wake, kisha juu yake kwa wetu. Kesho jioni tunaijaribu na mwenye klipu ya paa.