Kuipumzisha Doctor Who Hakutoshi

Mnamo Oktoba 2025 BBC ilitangaza kwamba ushirikiano wake na Disney katika kutengeneza Doctor Who umefikia mwisho, na kwamba kinachofuata ni toleo maalumu la Krismasi ya 2026. Tangu hapo wapenzi wa tamthilia hii wamegawanyika. Wapo wanaoomboleza, na wapo wanaosema kuwa mapumziko yamechelewa, kwa kuwa kitu kilichoanza kurushwa tarehe 23 Novemba 1963 kina kila haki ya kuchoka. Mimi naegemea upande wa hawa wa pili, ila hoja yao kuu hainiridhishi, kwa sababu wanazungumza kana kwamba kunyamaza kwa miaka kadhaa ni tiba tosha. Tamthilia hii imeshapumzishwa mara mbili, na matokeo ya mara hizo mbili yalipingana kabisa, kwa hiyo hatuna haja ya kukisia.

Kwa msomaji asiyeifahamu, Daktari, mhusika mkuu wa tamthilia hii, ni msafiri wa nyakati mwenye umbo la binadamu, ambaye chombo chake kimejificha katika sura ya kibanda cha simu cha polisi wa Uingereza. Anapokaribia kufa mwili wake hubadilika, na mahali pake huinuka mtu mwenye sura na tabia nyingine lakini kumbukumbu zilezile. Hila hiyo ilibuniwa mwaka 1966, afya ya William Hartnell, mwigizaji wa kwanza wa Daktari, ilipozorota na Patrick Troughton akashika nafasi yake. Tamthilia nyingi hufa pamoja na mhusika wao mkuu, ilhali hii inaweza kumbadilisha kila baada ya miaka michache na kudai kwamba imezaliwa upya. Tatizo ni kwamba anayebadilika ni yule aliye mbele ya kamera tu, na uchovu mara nyingi huanzia nyuma yake.

Mapumziko ya kwanza yalikuja 1985, pale Michael Grade, aliyekuwa akiongoza BBC One, alipoisimamisha tamthilia kwa miezi 18. Sababu alizokuwa nazo hazikuwa za uongo mtupu, kwani ukatili ulikuwa umezidi na hadithi zilikuwa zimejaa rejea za vipindi vya zamani ambazo mtazamaji wa kawaida hakuweza kuzifuata. Lakini iliporudi Septemba 1986 mtayarishaji alikuwa John Nathan-Turner yuleyule aliyeshika kazi hiyo tangu 1980, na ambaye hata yeye alikuwa akitamani kuondoka. Daktari alikuwa Colin Baker yuleyule. Na muda wa hewani ulikuwa umepunguzwa kutoka sehemu 13 za dakika 45 hadi sehemu 14 za dakika 25. Msimu mzima ulihusu Daktari kushtakiwa mahakamani, jambo lililowafanya watazamaji wahisi kwamba waandishi wanajitetea badala ya kusimulia. Watazamaji wakapungua, Baker akaondolewa, na Nathan-Turner akabakizwa. Miezi 18 ilipita bila faida yoyote ninayoweza kuitaja.

Mapumziko ya pili yalianza Desemba 1989, baada ya misimu 26, na hayakutangazwa kama kifo. Tamthilia haikuagizwa tena, basi. Kinachosikitisha ni kwamba wakati huo hadithi zilikuwa zimeanza kupata uhai chini ya mhariri wa miswada Andrew Cartmel, lakini zilikuwa zimepangwa kurushwa wakati uleule na Coronation Street, mojawapo ya tamthilia zilizopendwa zaidi nchini humo, kwa hiyo wachache tu ndio waliouona uhai huo. Ukiondoa filamu ya televisheni ya 1996, ambayo Paul McGann aliigiza kama Daktari na ambayo Marekani haikuijali, kimya kilidumu hadi tarehe 26 Machi 2005. Siku hiyo takriban watu milioni 10.8 nchini Uingereza walimtazama Daktari mpya, Christopher Eccleston, na kwa miaka kadhaa iliyofuata Doctor Who ikawa tena mazungumzo ya taifa.

Ni nini kilichofanya kimya cha pili kizae na cha kwanza kisizae? Wengi hujibu kwamba ni urefu wake. Mimi nasema ni kile kilichotendeka ndani yake. Kuanzia 1991 kampuni ya vitabu ya Virgin ilichapisha riwaya za Doctor Who na kuwafungulia mlango waandishi wasiojulikana, ambao walikuwa watoto wa tamthilia hiyo. Na kuanzia 1999 kampuni ya Big Finish ikaanza kutoa michezo ya sauti. Russell T Davies, aliyeirudisha tamthilia 2005, alikuwa ameandika mojawapo ya riwaya hizo mwaka 1996. Riwaya ya Paul Cornell ya 1995 kuhusu Daktari anayejigeuza binadamu ikawa hadithi ya televisheni mwaka 2007, na wapo wanaoihesabu miongoni mwa zilizo bora kuliko zote. Robert Shearman alichukua kiini cha mchezo wake wa sauti wa 2003 akakijenga upya kuwa sehemu iliyomrudisha adui mkongwe, Dalek, katika msimu wa 2005. Kwa maneno mengine, kulikuwa na chuo kisicho na jina, ambacho BBC haikukianzisha wala haikukisimamia kwa karibu, na kilipomaliza kazi yake kilikuwa kimetoa kizazi kizima cha waandishi walioipenda tamthilia bila kuitumikia ilivyokuwa.

Hapo ndipo napata kipimo changu cha uchovu, ambacho naamini kinafaa hata kwa tamthilia nyingine za aina hii: tamthilia imechoka pale inapoanza kula akiba ya kumbukumbu zake. Mwaka 2005 Davies alikuja na mkono mwepesi. Alimpa mtazamaji msichana wa duka, kibanda cha buluu, na vita vya zamani vilivyoiangamiza sayari ya Daktari, hivyo hakuna aliyehitaji kujua lolote kuihusu. Aliporudi kwa mara ya pili, kuanzia vipindi vya maadhimisho ya Novemba 2023, akiwa na fedha za Disney na mwigizaji hodari Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Rwanda na kukulia Uskoti baada ya familia yake kuyakimbia mauaji ya kimbari ya 1994, mkono ulikuwa mzito. Msimu wa 2024 uliishia kwa Sutekh, adui wa 1975. Msimu wa 2025 uliishia kwa maadui wengine wa zamani, Rani na Omega, ambao mara ya mwisho walikuwa na uzito hewani katika miaka ya 1980, kisha Gatwa akabadilika kuwa Billie Piper, yule msichana wa duka wa 2005. Gatwa alistahili zaidi ya hayo, na hilo naliona kuwa hasara kubwa kuliko fedha zote zilizoondoka na Disney.

Wanaopinga mapumziko wana hoja moja ninayoiheshimu. Mwaka 2005 familia bado zilikaa pamoja mbele ya televisheni Jumamosi jioni. Leo kila mtoto ana skrini yake, na mwenye umri wa miaka minane akikosa Daktari kwa miaka kumi hatamtafuta akiwa na kumi na minane. Sikatai. Lakini mtoto huyohuyo leo anapewa Omega bila kuelezwa vya kutosha Omega ni nani, na sidhani kama hilo linamshika zaidi kuliko kimya.

Na si kwamba mawazo mapya hayapo. Mei 2025 Inua Ellams, mshairi mzaliwa wa Nigeria, aliandika sehemu inayotokea katika duka la kinyozi mjini Lagos, ambamo hadithi za wateja ndizo zinazoendesha mtambo. Ilisimama yenyewe, na mtu angeweza kuanza kuitazama Doctor Who hapo.

Kwa hiyo naunga mkono mapumziko ya miaka mitatu au minne baada ya Krismasi ya 2026, mradi anayekuja baadaye awe mtu ambaye hajawahi kuiongoza tamthilia, na mradi waandishi wapya waachiwe vitabu na michezo ya sauti wavifanyie majaribio bila woga. Sharti hili la pili ndilo ninaloliona gumu. Katika miaka ya 1990 waandishi walipata uhuru kwa sababu hakuna mkubwa yeyote aliyeona kuwa Doctor Who ilikuwa na thamani ya kulindwa. Leo jina hilo ni mali ya biashara, na kila kinachotoka chini yake hupitia mikono mingi ya idhini.