Dari ya Rafiki: Nilivyopiga Plasta Juu ya Manundu ya Zamani

Kazi ya rafiki sipokei kwa simu. Mteja wa kawaida hunitumia picha, namkadiria, anatuma kianzio kwa M-Pesa, kazi inaanza. Kwa rafiki lazima niende, niitazame dari kwa macho yangu, kisha bei niitaje tukiwa tumeketi meza moja. Bei ya rafiki ikitajwa kwa simu kila mtu huisikia anavyopenda: yeye anasikia "karibu na bure", mimi nasikia "huyu hawezi kuniangusha".

Rafiki mwenyewe ni mwalimu wa sekondari, tumecheza mpira pamoja tangu ujana. Alinunua nyumba ya zamani ya ghorofa moja mtaa wa Section 58, hapa Nakuru. Chini, dari ni slabu ya zege iliyojaa manundu kuanzia sebuleni, chumba cha kulia, hadi koridoni, ncha tupu kama ganda la fenesi. Juu, vyumba vya kulala vina shiti bapa za kijivu zilizofunikwa maungo kwa vipande vyembamba vya mbao. Mwalimu alitaka zote ziwe laini. Shemeji, yaani mkewe, alitaka gipsamu ya kushuka na taa zilizofichwa pembeni, kama anazoziona kwenye nyumba mpya za kule Lanet. Nikamwambia, "Shemeji, slabu yenu iko chini tayari. Tukishusha tena, huyu mumeo mrefu atakuwa anainama ndani ya nyumba yake." Alicheka, lakini hakukubali siku hiyo.

Watu huuliza kwa nini wazee walipiga manundu darini. Mara nyingi ilikuwa njia ya kuficha. Slabu ilimwagwa juu ya mbao za fomwaki, na mbao zilipotolewa ziliacha mistari na vidonda kwenye zege. Kuilainisha dari nzima kungehitaji fundi mzuri na siku nyingi. Kupiga rojo la saruji na chokaa kwa brashi ngumu, au kwa kile kimashine cha kuzungusha kwa mkono cha tairolini, kulimaliza kazi upesi na macho hayakuona tena mistari. Kwa hiyo ukikwangua manundu, ujue chini yake kuna jambo lililofichwa. Hapa kwa mwalimu kulikuwa na ufa mrefu uliokata sebule nzima, na doa la maji chini ya bafu ya juu.

Kabla ya kutaja bei huwa napima vitu vichache. Nagonga dari kwa mpini wa mwiko, sehemu baada ya sehemu. Ikitoa sauti ya kitu kitupu ndani, plasta imeachana na zege na lazima ishuke. Nasugua kwa kitambaa kibichi. Kikitoka cheupe, kuna chokaa ya zamani, na chokaa isiposafishwa gundi yoyote utakayopaka itashika chokaa huku chokaa yenyewe ikiachia dari. Nanyunyizia maji, yakinywewa, sawa, yakisimama matone, kuna rangi ya mafuta. Kwa mwalimu upande wa chumba cha kulia ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta, nadhani kwa sababu ya moshi wa jikoni.

Halafu kuna suala la asbesto, yale madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu, na hapa sina mzaha hata na ndugu yangu wa tumbo moja. Huko Uingereza zile rangi nzito za dari za miaka ya zamani, ambazo wengi wanaziita kwa jina la chapa ya Artex, zilichanganywa na asbesto nyeupe kwa miaka mingi, na nchi hiyo ilikuja kupiga marufuku asbesto zote mwaka 1999. Mafundi wa huko wamefundishwa kutokwangua dari ya aina hiyo ikiwa kavu kabla ya kuipima. Ya mwalimu ilikuwa saruji na chokaa. Nilimega kipande pembeni, nikakilowesha, nikakivunja, nikaona mchanga. Hata hivyo hakuna jicho linaloweza kuiona asbesto iliyochanganywa ndani ya kitu. Ni maabara peke yake. Kwa hiyo niliamua kila kitu chini kitakwanguliwa kikiwa kimelowa, madirisha wazi, watoto wasiwepo.

Shiti za juu nilizikataa papo hapo. Shiti bapa za kijivu katika nyumba ya umri huo, ngumu, nzito, zenye sauti ya saruji ukizigonga, nazichukulia kuwa asbesto mpaka maabara iseme vinginevyo. Ukizipiga msasa, ukizitoboa kwa drili ili ufunge gipsamu chini yake, ukizivunja ili uzitupe, zinatoa nyuzi nyembamba zisizoonekana, na nyuzi hizo zikiingia mapafuni hazitoki. Ugonjwa wake hujitokeza baada ya miaka mingi, wakati fundi ameshasahau hata nyumba ilikuwa wapi. Hapa Kenya sheria inazihesabu kuwa taka hatari, na kuzitoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Mwalimu aliona natia chumvi. "Si tumekulia shule zenye mapaa ya hizo hizo?" Ni kweli, tumekulia. Shiti nzima isiyoguswa haina shida kubwa. Shida ni anayeikata. Nikamshauri azipake rangi ya maji kwa brashi, taratibu, bila kukwangua wala kupiga msasa, na aziache zilivyo mpaka siku ya kubadilisha paa. Alinuna kidogo, tukaendelea na chai.

Sasa bei. Nilitoa daftari nikaandika mbele yake. Chini palikuwa na mita mraba 42. Ufundi wa dari natoza shilingi 250 kwa mita, maana dari ni shingo na mabega, ukuta huwa rahisi zaidi. Jumla 10,500. Chini yake nikaandika: punguzo la urafiki, 3,000. Atalipa 7,500. Nampa kila rafiki namba zote mbili. Ukimwambia tu "nipe elfu saba na mia tano", kwake hiyo ndiyo bei ya kazi, na atamwambia jirani, na jirani atakuja na elfu saba. Punguzo ambalo halikuandikwa hakuna anayekushukuru kwalo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nami naona urafiki nao una daftari lake.

Vifaa anunue mwenyewe, risiti ibaki kwake. Nilimpigia hesabu: unga wa gipsamu wa skimu, yaani koti jembamba la kulainisha, hula karibu kilo moja kwa mita mraba kwa kila milimita ya unene. Mimi nilitaka milimita 3 kwa wastani, kwa hiyo mita 42 ni kilo 126, na kwa sababu mabonde ya manundu hula zaidi, nikamwambia achukue mifuko sita ya kilo 25. Alikwenda hadwea mwenyewe, akabishana bei mwenyewe, akarudi amefurahi kuliko ambavyo angefurahi kama mimi ndiye ningemletea kwa bei ile ile. Mtu wa mkono, yaani kijana anayenisaidia, naye alipwe na mwenye nyumba kila jioni, bei kamili. Yule kijana si rafiki wa mwalimu, na punguzo langu halimhusu.

Kitu cha mwisho nilichosema mezani ni kuhusu "ukiwa hapo hapo". Kila fundi anakijua. Fundi ukiwa hapo hapo, kile kitasa. Ukiwa hapo hapo, lile sinki linalovuja. Nikasema mapema: niko hapa kwa dari tu, na bomba la bafu ya juu liitiwe fundi wa mabomba kabla sijaanza, kwa sababu plasta mpya chini ya bomba linalovuja ni pesa ya kutupa.

Kazi yenyewe. Kwanza kuzima umeme kwenye swichi kubwa na kushusha vishikio vya taa, maana maji, mwiko wa chuma na waya haviishi pamoja. Fanicha zikafunikwa nailoni. Jukwaa lilikuwa mbao nene juu ya mapipa, kimo cha kufanya kichwa kibakize ngumi moja kufika darini. Jukwaa likiwa chini mno unanyoosha mkono na nguvu inaisha; likiwa juu mno unainama na huoni kazi yako.

Tulinyunyizia maji kwa pampu ya mgongoni, ile ya kupiga dawa shambani, lakini mpya ambayo haijawahi kutiwa dawa. Baada ya dari kunywa vizuri tukakwangua kwa skrepa pana. Lengo ni kuvunja ncha tu. Huhitaji kuyamaliza manundu yote, mabonde utayajaza. Kwenye rangi ya mafuta tuliosha kwa maji ya moto na sabuni, kisha tukaichanachana kwa msasa mkali uliolowa ili mng'ao ufe. Doa la maji nililipaka andakoti ya mafuta, vinginevyo rangi ya kahawia ingepenya plasta na kutokea tena juu. Ufa niliupanua kwa ncha ya patasi, nikaujaza, nikaufunika kwa utepe wa nyuzi. Nakuru tumekaa ndani ya Bonde la Ufa. Mwaka 1928 tetemeko kubwa lilipiga Subukia, si mbali na hapa, na mitetemeko midogo bado ipo. Ufa uliojazwa bila utepe sitaki kuwekewa jina langu.

Kuhusu gundi, mafundi hubishana. Wengi hupaka gundi nyeupe ya PVA iliyozimuliwa, wakasubiri inate, wakapiga plasta. Kwenye ukuta uliokauka inafaa. Kwenye dari laini naiogopa, kwa sababu gundi hiyo ikilowa tena hulegea, na plasta mbichi ni maji. Mimi huichanganya na mchanga laini uliochekechwa, napaka kwa rola, naiacha ikauke hadi ukipitisha kiganja kinakwaruza. Hapo plasta inashika meno ya mchanga pia, haitegemei kunata peke yake.

Unga wa gipsamu hutiwa kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya unga utapata madonge. Na ndoo lazima iwe safi kabisa. Mabaki ya plasta iliyokwisha kuganda huharakisha kuganda kwa mchanganyiko mpya, na kijana asiyeosha ndoo atakufanya ukimbizane na plasta inayokauka mwikoni. Koti la kwanza nililikandamiza kwa nguvu lijaze mabonde, bila kujali urembo. Liliposhika ila bado bichi, nikapiga la pili jembamba, kisha nikalivuta kwa mwiko wa chuma mara kadhaa kadiri linavyokaza, na mara ya mwisho kwa kunyunyizia maji kidogo kwa brashi.

Hapa ndipo tulipotaka kukosana na shemeji. Alipika chapati na maharagwe, akaita watu mezani saa ile ile koti la pili linaanza kukaza. Huwezi kushuka. Plasta haimngoji mtu anawe mikono. Yeye aliona nimedharau chakula chake, maana mgeni akiitwa huitika. Jioni nikamweleza jinsi inavyoganda, na kuanzia hapo kila asubuhi nilimwambia, "Leo shemeji tutakula baada ya saa nane." Akapanga jiko lake kwa saa ya plasta, na chapati zikawa za moto.

Kukagua dari usitumie taa ya juu. Usiku nilishika taa ya mkono karibu na ukuta, mwanga ukapita kwa ubapa darini, kila kibonde kikaonekana na kivuli chake. Nikaweka alama kwa penseli, kesho yake nikajaza. Kupaka rangi tulisubiri mpaka dari yote igeuke nyeupe sawasawa bila mabaka meusi, na koti la kwanza la emulsheni likazimuliwa maji mengi ili plasta ilinywe. Rangi nzito moja kwa moja juu ya gipsamu mpya hubanduka kama karatasi.

Mwalimu alilipa 7,500 zote siku niliyokusanya vifaa. Shemeji ameacha kutaja gipsamu ya kushuka, ila ameomba taa nyingine katikati ya sebule. Fundi wa umeme amemtoza bei yake.

Baadaye kakake mwalimu aliyeko Njoro alinipigia kuhusu dari yake, naye ana manundu yale yale. Nilitarajia aanze na elfu saba na mia tano. Kumbe alikuwa ameonyeshwa ukurasa wa daftari: bei ni 250 kwa mita, punguzo ni la mwalimu. Alijaribu kunishusha hata hivyo, kama mteja yeyote, tukakubaliana 230 kwa sababu yake haina rangi ya mafuta. Nikamwuliza vyumba vyake vya kulala vina shiti za aina gani. Akasema ni mbao. Ataniletea picha kwanza.