Mshika sukani wa Charleston

Mjukuu wangu yuko kidato cha tatu, na tangu baba yake amnunulie simu amekuwa profesa. Jumapili tulikuwa tumekaa nje, hapa nyumbani Igogo, Mwanza, tunachagua mchanga kwenye dagaa, akaniambia: "Babu, ile vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe haikuwa ya utumwa. Ilikuwa ya kodi na haki za majimbo. Nimeona video."

Nikamuuliza video ya nani. Akasema ya mzungu mmoja mwenye ndevu.

Shule yangu iliishia la saba. Ila nimeshika sukani ya meli ya mizigo miaka 26 humu Ziwa Victoria, na meli ikilala Kisumu siku mbili tatu kungoja zamu ya kupakua, mwenye akili hununua vitabu vya mitumba na wasio nayo hununua vingine. Kiingereza changu chote kimetoka huko. Kwa hiyo nikasukuma sinia la dagaa pembeni.

Kwanza nikamaliza hilo la kodi, halikustahili jioni nzima. Januari 1861 jimbo la Mississippi lilipojitoa kwenye Muungano wa Marekani, lilitoa tamko la kueleza sababu. Halikuzunguka mbuyu: walisema msimamo wao umefungamana na utumwa, ambao kwao ulikuwa mali kubwa kuliko zote duniani. Wameandika wenyewe, kwa mkono wao. Wakati huo watumwa Marekani walikuwa karibu milioni 4, na zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa ambazo nchi ile iliuza nje ilikuwa pamba.

Kijana akaleta hoja nyingine: mbona rais Lincoln mwenyewe alisema hana nia ya kugusa utumwa pale ulipokuwapo? Hapo nikamkubalia. Majimbo ya Kaskazini, yaliyobaki na Lincoln, hawakuingia vitani ili wawafungue watu, waliingia kuzuia nchi isivunjike. Lakini majimbo ya Kusini walijitoa ili wasiwapoteze watumwa wao. Na waliowalazimisha wakubwa wa Kaskazini kubadilisha nia ni watumwa wenyewe, kwa kutoroka kwa maelfu na kujileta kwenye kambi za jeshi. Ndipo nikamwambia habari za Robert Smalls, ambaye naona video yake haikumtaja.

Smalls alizaliwa mtumwa mwaka 1839 mjini Beaufort, South Carolina, uani kwa bwana wake. Akiwa na miaka 12 akapelekwa Charleston kukodishwa: kazi afanye yeye, ujira aende nao bwana, mtoto abakishiwe dola moja kwa wiki. Akafanya kazi hotelini, akawasha taa za barabarani, mwisho akaangukia gatini na majini, na huko akatulia. Akamwoa Hannah, naye mtumwa wa mtu mwingine. Akataka amnunue mkewe na mtoto wao. Bei ilikuwa dola 800. Yeye alikuwa na 100.

Vita vilianza Aprili 1861, na mwaka huohuo akawekwa kwenye meli iitwayo Planter. Hapa ndipo ninapompenda, maana meli ile ilikuwa ndugu wa meli zetu: ya mbao, mita 45 hivi, magurudumu ya kupiga maji ubavuni, imeundwa kubeba marobota ya pamba kwenye maji mafupi. Marobota nayajua. Baba yangu alilima pamba Kwimba, na miaka yangu ya mwanzo tulipakia pamba Ukerewe kuleta Mwanza. Robota moja ni kilo 180 hivi. Likikuponyoka winchini husali tena kwa mazoea.

Jeshi la Kusini likaikodi Planter, likaipachika mizinga. Sukani akapewa Smalls. Lakini hawakumwita rubani, yaani mjuzi wa njia ya meli. Neno "rubani" lilikuwa la mzungu, yeye waliita mshika gurudumu tu. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu kibandani, kwa sababu hata sisi nahodha ndiye aliyeandikwa karatasini kwamba anaijua njia ya bandari ya Nansio, Ukerewe, na usiku wa mawingu anakuuliza wewe jiwe liko wapi. Tofauti ni kwamba mimi mwisho wa mwezi nilipata mshahara. Ulichelewa, nao nisingependa kuuzungumzia, lakini ulikuwa wangu.

Basi usiku wa kuamkia 13 Mei 1862, nahodha na wasaidizi wake weupe wakashuka kulala mjini, kinyume cha amri. Meli imefungwa gatini, mbele ya makao ya jenerali. Ndani kuna mizinga minne ya ziada ya kupelekwa ngomeni asubuhi. Ndani kuna watumwa tu.

Saa tisa usiku wakawasha moto wa boila. Fikiri kidogo. Meli ya kuni haiondoki kama bodaboda, unangoja mvuke upande, moshi unaonekana, mlinzi yuko palepale. Wakang'oa kamba bila kukimbia. Na badala ya kwenda baharini moja kwa moja, wakarudi nyuma, ndani ya bandari, kwenye gati nyingine, kuwachukua wake na watoto waliojificha huko. Mjukuu akasema hiyo ilikuwa hatari. Ndiyo. Jumla yao wakawa 16.

Smalls akavaa kofia ya nahodha, kofia pana ya makuti, akasimama kama nahodha anavyosimama, mikono kifuani. Mwendo akauweka wa kawaida kabisa. Kijana wangu alidhani mtu anayetoroka hukimbia. Majini anayekimbia ndiye anayeulizwa. Kila ngome wanayopita, honi. Walipofika Fort Sumter, ngome ileile risasi za kwanza za vita zilipolengwa, kukiwa kunaanza kupambazuka, akavuta kamba: mbili ndefu, moja fupi. Mlinzi juu akaruhusu wapite.

Walipotoka nje ya masafa ya mizinga wakateremsha bendera ya Kusini, wakapandisha shuka jeupe ambalo Hannah alikuja nalo. Meli ya Kaskazini, Onward, ilishageuza mizinga kuwaelekea. Shuka likaonekana kabla ya amri ya kupiga.

Hawakuleta meli na mizinga peke yake. Kulikuwa na kitabu cha ishara za siri, na kulikuwa na kichwa cha Smalls: mabomu yametegwa wapi kwenye mkondo, ngome ipi imeachwa. Bwana wake alidhani amemkodisha mikono.

Nilimwuliza mjukuu, sasa huyu alikimbia kodi?

Akanyamaza, akaendelea na dagaa.

Mwaka ule Smalls alifika Washington kuomba watu weusi waandikishwe jeshini, na kabla vita havijaisha karibu 180,000 walikuwa wamevaa sare za Kaskazini. Yeye mwenyewe aliishia kuwa nahodha wa Planter ileile. Nyumba ya bwana wake Beaufort, ile aliyozaliwa uani kwake, ilipigwa mnada kwa kutolipiwa kodi, akainunua. (Kodi nayo ikaingia, nikamwambia kijana, usiseme sikukupa haki yako.)

Na kuna hili ambalo huwa linanikosesha usingizi kidogo. Muda wa Smalls kama mbunge wa Marekani ulianza 4 Machi 1875. Siku nne baadaye, tarehe 8, Stanley, yule mzungu mpelelezi, alishusha mashua yake Lady Alice majini pale Kageye, upande wa Magu, kwenda kulizunguka ziwa hili. Stanley huyo alipigana vita ileile. Alianza upande wa Kusini, akatekwa kwenye mapigano ya Shiloh Aprili 1862, akahamia Kaskazini. Mwaka uleule wa 1875 akawapiga risasi watu wa kisiwa cha Bumbire, humuhumu ziwani. Shuleni tulimwimba Stanley mpaka tukakariri vituo vyake. Mshika sukani wa Charleston nilimpata Kisumu, kwenye kitabu kisicho na jalada.

Tena tusiwacheke Wamarekani sana. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na hapa Tanganyika sheria ya kufuta utumwa wenyewe ilingoja 1922. Bibi yangu alikuwa msichana tayari.

Dagaa zilipoisha kijana akauliza yule nahodha aliyelala mjini ilikuwaje. Nikamwambia alishtakiwa na jeshi pamoja na wenzake, yeye na mmoja wao wakahukumiwa, kisha hukumu ikatenguliwa. Akacheka sana. Halafu akataka kujua sisi tukiingia Nansio tulikuwa tunapiga honi ngapi.

Nimesahau, miaka imepita. Nikamwambia mbili ndefu, moja fupi.