Configure ilipokataa kuiona libpng
Alhamdulillahi, imekubali! Hapa Langoni, Lamu, tunahifadhi picha za milango ya kuchonga, na programu tuliyoihitaji haimo kwenye hazina ya apt, kisakinishi cha programu cha Debian. Ikabidi tuijenge wenyewe kutoka msimbo chanzo, kwenye Debian hiyo, ambayo ni aina ya Linux.

Kila nikiendesha ./configure, skripti inayokagua kama kompyuta ina vinavyohitajika kwa ujenzi, inasimama, ikidai libpng, maktaba ya msimbo wa kushughulikia picha za PNG, haipo. Na ipo! Nikaisakinisha upya, nikapakua msimbo upya, wapi.

Jawabu lilikuwa ndani ya config.log, faili ambamo configure huandika ilichokagua. Tafuteni humo neno error: langu lilisema png.h haipatikani. Debian huigawa maktaba mafungu mawili. Moja huendesha programu zilizokwisha kujengwa. La pili, ambalo jina lake huishia na -dev, hubeba mafaili ya .h, yanayoeleza kilichomo ndani ya maktaba, na kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu, haiendi bila hayo. Herufi hizo tatu ndizo zilizonikwamisha. Basi:

sudo apt install build-essential libpng-dev

Kisha ./configure tena, make, halafu sudo make install. Walio kwenye Fedora, aina nyingine ya Linux, watafute libpng-devel.

Programu ikishasakinishwa na bado ikalalamikia faili la .so, yaani faili la maktaba, endesha sudo ldconfig ili mfumo uzitambue maktaba mpya. Yangu ilifunguka papo hapo.