Kikapu cha milulu si pambo

Kazi yangu ni viatu. Kibanda kiko mitaa ya karibu na Soko Kuu hapa Iringa, na soli za watu wa mji huu nazijua kuliko sura zao. Lakini siku hizi ngozi nyingi ninayonunua haiendi kwenye viatu, inaishia kwenye vikapu. Akina mama wanaosuka milulu, yale majani marefu ya bondeni, huko vijijini huvileta mjini vikiwa havina mikono, halafu wenye maduka wananiletea nivitie mikono ya ngozi ili mgeni wa Dar au wa Ulaya avipende.

Ndiyo maana nimevitazama vikapu hivi kwa karibu kuliko watu wengi, na nina la kusema.

Kikapu kipya kinakuwa bado na ukijani kwa mbali, na ukikisogeza puani kinanukia bonde. Milulu hukatwa kwenye sehemu za majimaji, ikaanikwa, na wakati wa kusuka hulowanishwa kidogo isikatike. Msusi huanzia kwenye kitako, na hapo ndipo mimi humjua. Aliye fundi hukaza mpaka sindano yangu ya viatu haipiti bila kusukumwa kwa kiganja, tena kiganja chenye sugu kama changu. Anayekimbizana na oda hulegeza, na kikapu chake kikibeba viazi mara chache tu kinaanza kuegemea upande. Kuna na mdomo: ncha za milulu zinatakiwa zikunjwe kuingia ndani, zifichwe. Kabla hujauliza bei, kipindue, papasa kitako, kisha pitisha kidole mdomoni. Rangi isikubabaishe. Ule ukijani utaondoka wenyewe, kikapu kitageuka manjano hafifu, na hapo ndipo kinapopendeza zaidi.

Sasa linaloniudhi. Vipya vinapita mikononi mwangu kwa wingi, ila vilivyochakaa haviji kutengenezwa. Kiatu hurudi, begi la shule hurudi, hata mkanda hurudi. Kikapu hakirudi kwa sababu hakitumiki: kimetundikwa ukutani sebuleni, au kimekaa pembeni kimejazwa maua ya plastiki. Mgeni simlaumu, yeye ananunua ukumbusho wa safari. Nasema sisi wa hapahapa, tunaopishana na msusi njiani halafu tunaingia sokoni na mfuko mbadala.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchi nzima tarehe 1 Juni 2019. Nilifurahi, nikajua kikapu kimerudishiwa kazi yake. Na kweli mwanzoni vilitoka makabatini, vingine vimekaa huko tangu harusi ya mwenye nyumba. Halafu mfuko mbadala ukaingia, bei ndogo, unakunjika ukaenea mfukoni, basi. Upakie nyanya na maparachichi, tembea nao mpaka Kihesa, uone mikono yake itakavyokuwa. Hakuna aliyewahi kuniletea mfuko mbadala niushone.

Kwa wanaume kuna na aibu juu yake. Nikipita na kikapu vijana wa bodaboda hawaniachi: "Fundi, leo mama watoto kakutuma?" Nawajibu ndiyo, kanituma, na kikapu kanipa yeye. Wanacheka, nami naendelea na safari yangu. Sijawahi kuelewa ni nani aliyeamua kwamba mwanaume abebe dumu la ulanzi, pombe ya mianzi, kifua mbele ila kikapu cha mboga kimvunjie heshima.

Na huo ulanzi ni mfano mzuri. Uuzaji umeshahamia kwenye madumu na majagi ya plastiki, lakini nenda kwenye mianzi yenyewe wakati wa mvua: mgema bado anafunga mbeta, kipande cha mwanzi kinachokinga utomvu kwenye chipukizi lililokatwa. Hakuna aliyemwitia semina ya kuhifadhi mila. Mbeta inafanya kazi yake, na mianzi ya kutengenezea nyingine iko palepale.

Makumbusho siyapingi. Fuvu la Chifu Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 liko kwenye makumbusho ya Kalenga, na hapo ndipo mahali pake. Boma la Wajerumani hapa mjini nalo limekuwa makumbusho tangu 2016, na nimewapeleka watoto wakaone. Walipofika kwenye vyombo vya nyumbani vya zamani, yule mdogo akaniuliza kama kikapu chetu cha jikoni nacho watakuja kukichukua. Nikamwambia sisi hatujamaliza kukitumia.

Mteja ninayempenda kuliko wote ni mama mmoja mtu mzima. Alikuja na kikapu ambacho kitako kimelika upande mmoja, milulu imebaki nyuzi nyuzi.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama. Hiki kimechoka. Hela ya kukitengeneza ukiongeza kidogo unapata kipya."

Akanitazama kama aliyenunuliwa kiatu cha mguu mmoja. "Kipya nitasuka mwenyewe. Wewe nitilie ngozi hapo chini, hiki ni cha kuburuta."

Nikakata ngozi ya buti kuukuu, nikaizungusha kitako chote na kuishona kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, mshono mara mbili pembeni panapogusa sakafu. Kazi haikuwa nzuri kuitazama, lakini kikapu kilisimama. Tangu hapo nawashonea kitako cha ngozi wanaotaka, hata kwenye kipya, na ngozi ya mabaki sitozi sana.

Kama chako kimelowa mvua, toa vitu vyote, kianike kinywa wazi penye hewa, usikifungie kabatini kikiwa kibichi kitaota ukungu. Mkono ukikatika usifunge kamba ya katani, itakata mdomo. Lete. Jumapili tu ndiyo sifungui.